Ukija Malindi kutafuta bia ya kienyeji, mfuate mgema

Abiria mmoja kutoka Nairobi alipanda tuktuk yangu Ijumaa jioni, mkoba mgongoni, fulana ina picha ya ndovu kifuani. Akaniuliza, "Boss, huku Malindi mna vile viwanda vidogo vya bia, vya mafundi kupika wenyewe?" Nikamwambia vipo vingi, tena virefu, vina makuti juu. Akadhani namfanyia mzaha.

Baba yangu aligema minazi ya watu kule Ganda zaidi ya miaka ishirini. Mimi nilipanda mnazi mara tatu, na mara zote tatu nilishuka magoti yakicheza, ndiyo maana leo naendesha tuktuk. Lakini mnazi naujua, na wageni wanaouliza swali la yule bwana wamezidi, kwa hivyo nimeona niandike mara moja, kila mtu asome.

Jambo la kwanza ni saa. Bia ya chupa itakungoja mpaka mwakani. Mnazi, yaani kileo cha utomvu wa mti huo, ambacho pia tunakiita tembo, haumngoji mtu. Wageni wengi hukosea hapo: wanauliza mangwe gani ni nzuri, kama vile mtu anavyouliza hoteli. Mangwe, yaani pale mnazi unapouzwa na kunywewa, ni kivuli cha mwembe na viti vichache tu. Uzuri wote umetoka kwa mgema na umetoka saa fulani, na ukichelewa hupati kitu kile kile. Basi usitafute mangwe. Mtafute mgema, ujue anashuka mtini saa ngapi, halafu uulize mnazi wake unapelekwa wapi.

Ili uelewe kwa nini, fahamu kinachofanyika huko juu. Mgema hatoboi shina. Anachokitaka ni karara, lile ala la maua kabla halijafunguka. Analikaza kwa kamba, analiinamisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kisha anakata ncha kwa kotama, kisu kilichopinda kama mwezi mwandamo. Hapo utomvu unaanza kudondoka, naye anafunga kibuyu chini yake. Asubuhi anapanda, anamimina, anapunguza tena kipande chembamba kama ukucha, maana jeraha likikauka utomvu unakoma. Jioni anarudia. Mti mmoja hutoa kama lita moja hadi mbili kwa siku, na karara lililogemwa halizai nazi, kwa hivyo kila chupa unayokunywa kuna mtu aliyeamua kuacha nazi zake.

Utomvu ukitoka ni maji na sukari tu. Hamira inayopeperuka hewani, pamoja na ile iliyoshika ndani ya kibuyu tangu jana, inaanza kazi hapo hapo mtini. Hakuna kimea, hakuna sufuria, hakuna moto. Saa mbili tatu zikipita, tayari ni kileo. Siku ikiisha umefika asilimia nne au tano, sawa na bia ya chupa. Baada ya hapo vijidudu vya siki vinashika zamu, na siku ya tatu unafaa kachumbari.

Sasa ratiba. Mimi huwashauri watu waje Jumamosi, na sababu ni sheria. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ile watu waliyoiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, inaruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi, mwisho saa tano usiku. Mnazi nao una saa zake: unashushwa alfajiri na jioni. Walioandika sheria hawakuuliza mnazi. Kwa hivyo asubuhi nenda kwa mgema kama mgeni, uangalie kazi na uonje anachokukaribisha nyumbani kwake. Kununua na kukaa ni mchana na jioni, kwenye mangwe yenye leseni. Nimeona wageni wakikimbia na viatu mkononi kwa sababu ya kupuuza hili, na huwa si kichekesho kwa mama muuzaji anayebaki.

Tuktuk kutoka mjini mpaka Ganda si mbali. Msabaha ni barabara ya Mombasa. Ukitaka kwenda ndani zaidi kuna Kakuyuni. Patana nauli ya kwenda, ya kungoja na ya kurudi kabla hujakaa. Dereva asionje hata tone. Akionja, mlipe hapo hapo utafute mwingine, hata kama ni mimi.

Fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Piga hodi mbali na nyumba, ungoje ujibiwe. Mgema akiwa mtu mzima mwite mzee au baba, mkewe mama, na usianze na habari ya mnazi. Uliza ya watoto, ya mvua, ya shamba. Usipige picha mtu akiwa mtini bila ruhusa. Na usiombe kupanda. Kuna kijana aliwahi kuniambia anafanya mazoezi ya kukwea majabali. Vile vikato vya kuwekea mguu shinani vimepimwa kwa hatua ya mgema mwenyewe, tena asubuhi vina umande. Tulimshusha kwa kamba ya ng'ombe.

Akishuka, tazama anavyochuja. Wapo wanaotumia chujio la plastiki, lakini wa zamani wanatumia kilifu, ule wavu wa kahawia unaozunguka makuti machanga. Utaona nyuki, sisimizi, pengine na kipepeo. Usikunje uso. Nyuki huyo ndiye mkaguzi wako. Mnazi ambao nyuki haukaribii mimi pia siukaribii.

Kuonja kwenyewe kunataka utulivu, maana ladha ni nne ndani ya siku moja na watu huzichanganya. Wa alfajiri, uliokaa kibuyuni usiku kucha, una rangi ya maji ya mchele na povu jembamba. Ulimini unachoma kidogo kama soda, halafu utamu unafuata. Ukitaka tembo tamu hasa, lile hata mtu asiye mnywaji analipenda, mwombe mzee siku moja kabla aoshe kibuyu kimoja vizuri na ashushe mapema, unywe pale pale chini ya mti. Saa sita mchana mnazi ule ule wa asubuhi umepoteza utamu, unaanza kuuma kwenye taya. Jioni unakuwa mkali, mkavu, na harufu yake inakumbusha embe lililoiva kupita kiasi. Huo ndio wazee wanaoutaka, na mimi niko upande wao. Wa kesho yake tunasema umelala. Ukiletewa uliolala kwa bei ya mpya, rudisha kwa heshima. Sema tu, "Mama, huu umelala," naye atajua unajua.

Kuna methali ya mgema kusifiwa tembo akalitia maji. Baba alikuwa akisema methali hiyo ilitungwa na wanywaji wasiotaka kulipa. Hata hivyo maji hutiwa, na si maji peke yake. Siku hizi kuna wanaoongeza sukari na hamira ya dukani ili dumu moja liwe mawili. Weka pua juu ya gilasi kabla ya ulimi. Ukinusa mkate, huo umekandwa, haukugemwa. Uliotiwa maji povu lake linakufa upesi na midomo haishikani. Mnazi halisi ukikauka kidoleni unanata. Mwisho wa hili: ukiletewa kitu cheupe kama maji kwenye chupa ya soda, ukaambiwa ni cha kuongeza nguvu, inuka uondoke. Chang'aa ya mtu usiyemjua inaweza kuwa na spiriti ya kiwandani, na watu wamepofuka na kufa nchi hii kwa hiyo.

Ndani ya mangwe, kaa unapoonyeshwa. Anayekupa atakunywa funda la kwanza yeye mwenyewe. Si uchoyo. Anakuonyesha kwamba hakuna kitu ndani. Kama kuna mzee atamwaga matone chini kwa ajili ya koma, wale waliotangulia. Nyamaza mpaka amalize, usiulize maana yake kama mtalii. Ukipewa mrija, ule mwanzi wenye kichujio mwishoni, vuta polepole, usipulize. Chupa moja mara ya mwisho nililipa shilingi 60, na anayenunua chupa hanywi peke yake. Agiza ng'onda wa kuchoma, samaki yule aliyekaushwa, na pilipili. Viazi vya karai pia vinafaa, ila ng'onda na mnazi wa jioni ni ndoa halali.

Na mjini heshimu mji. Malindi ni mji wa Waislamu tangu zamani, misikiti iko kila mtaa. Usirudi na chupa mkononi ukipita karibu na watu wanaotoka kuswali, na mwezi wa Ramadhani hii safari ifanye kimya kabisa, au usiifanye.

Kuhusu kubeba. Mwaka mmoja nilitaka kumpelekea binamu yangu Nairobi dumu la lita tano. Nikalijaza mpaka shingoni, nikakaza kifuniko kwa meno, nikaliweka chini ya kiti cha basi. Mnazi hauachi kupumua kwa sababu umefungwa. Tulipokaribia Mtito Andei dumu lilikuwa limevimba kama puto, na nilipoinama niguse kifuniko tu, kikaruka. Nusu ilimwagikia mama aliyebeba nguo mpya za harusi. Nilishushwa pale pale na dumu langu, saa saba usiku, nikanywa peke yangu nikingoja lori. Ukilazimika kubeba, jaza nusu, toboa kifuniko kwa sindano, weka kwenye barafu, na ufike siku hiyo hiyo. Bora zaidi usibebe. Uliobaki mpe mama wa vitumbua. Bibi yangu alikuwa akiumulia unga kwa tembo, na vile vya hamira ya paketi hakuvihesabu kuwa vitumbua.

Badala ya kuutoa mnazi Malindi, leta cha kwenu huku. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Tulianza watu wanne: jirani mwenye duka la vipuri, mtu wa Murang'a, alileta muratina ya asali iliyochachushwa kwa tunda la mwegea, mwalimu kutoka Kisumu akaja na busaa ya mahindi na wimbi, nzito kama uji, dereva mmoja wa Iringa akatusimulia ulanzi unaogemwa kwenye mianzi michanga, naye ndiye aliyeelewa mnazi upesi kuliko wote, maana kwao pia kuna kukata na kungoja. Anza na mnazi kwa sababu ndio unaokimbia, halafu busaa, muratina iwe ya mwisho. Andika kwenye daftari mti wa nani na saa uliposhushwa. Nyota tano hazisaidii, saa inasaidia.

Yule bwana wa Nairobi nilimchukua Jumamosi, tukafuata ratiba hii yote. Njiani nikamwuliza kama anajua ndovu wa fulana yake. Alijua: kampuni ya bia ya Kenya Breweries ilianza Nairobi mwaka 1922, na mwaka uliofuata George Hurst, mmoja wa waanzilishi, akauawa na ndovu mawindoni, ndipo bia ikaitwa Tusker, yaani ndovu mwenye pembe. Nikamwambia Tanzania nao wana bia iitwayo Ndovu, na sisi huku kinywaji chetu kinaitwa tembo tangu mababu, bila kumsumbua mnyama yeyote.

Jioni, chini ya mwembe, akafungua mkoba akatoa kopo la bia ya mafundi wa Nairobi, chungu, yenye harufu ya machungwa. Akamkabidhi mzee mgema kwa mikono miwili. Mzee akaonja, akatafuna kama anayetafuta mfupa, akaligeuza kopo akitazama maandishi.

"Mwanangu, hii imegemwa lini?"

Bwana akasoma. Ilikuwapo tarehe ya mwisho tu, ya mwaka unaofuata.

Mzee akatikisa kichwa, akainamisha kopo, akamwaga matone chini. "Basi tuwape koma kwanza," akasema. "Wao hawana haraka."