Jinsi ya Kuunda Timu ya Besiboli Itakayowaunganisha Watoto wa Mitaa Tofauti ya Nairobi

Nairobi ni jiji lililopangwa kwa kutenganisha watu. Wakati wa ukoloni Wazungu walijitengea Muthaiga na Karen, Wahindi wakakaa Parklands na Ngara, nao Waafrika wakasukumwa Pumwani, Kaloleni na mitaa mingine ya upande wa mashariki. Sheria hizo zilikwisha zamani, lakini hata leo mtoto wa Mukuru na mwenzake wa South B wanaweza kukua wakiwa wametenganishwa na barabara moja tu, na wasijuane hata kwa majina. Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi, kijana au kiongozi wa dini anayetaka kuwakutanisha watoto kama hao kwa mchezo wa besiboli.

Nasema besiboli, wala si kandanda, kwa sababu mbili. Kwanza, ni mchezo mgeni kwa watoto wengi wa jiji hili, kwa hiyo wote huanza wakiwa sawa. Pili, na hili ndilo kubwa, besiboli huchezwa kwa zamu. Katika kandanda mtoto asiyependwa na wenzake anaweza kukimbia mechi nzima asipewe pasi hata moja. Katika besiboli orodha ya wapigaji huandikwa kabla ya mechi, na zamu ya mtu ikifika ni yake, awe tajiri au maskini, hodari au mwanagenzi.

Anza na watoto kabla ya kutafuta vifaa. Zungumza na shule, kanisa au msikiti mmoja katika kila mtaa, kisha uchukue watoto wasiopungua wanne kutoka kila upande, na wasichana vilevile wasiopungua wanne. Usimlete mtoto mmoja peke yake kuwakilisha mtaa wake au jinsia yake. Historia ya mchezo huu inatuonyesha gharama ya jambo hilo. Jackie Robinson aliingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947, akiwa mchezaji wa kwanza Mweusi katika ligi kuu za Marekani tangu karne ya 19. Branch Rickey, mkuu wa timu hiyo aliyemsajili mwaka 1945, alikuwa amemtaka aahidi kutojibu matusi, na matusi yalikuja kwa wingi, pamoja na barua za kutishia maisha yake. Julai mwaka huohuo Larry Doby, naye Mweusi, alijiunga na timu ya Cleveland bila maandalizi ya namna hiyo, na baadhi ya wachezaji wenzake wakakataa kumpa mkono. Robinson alikuwa na miaka 28, Doby 23, na wote wawili walikuwa wamewahi kutumikia jeshi. Mzigo uliowaelemea watu wazima wa aina hiyo hauwezi kuwekwa juu ya mabega ya mtoto wa miaka kumi.

Masuala ya ruhusa hayana ugumu mkubwa. Mweleze chifu wa eneo, mwombe mwalimu mkuu au ofisi ya kaunti nafasi ya uwanja, na upate idhini ya maandishi kutoka kwa kila mzazi. Sheria ya mwaka 2022 inaruhusu watu kumi au zaidi kusajili kikundi cha jamii, na hilo linatosha kwa kuanzia. Usajili wa klabu kwa Msajili wa Michezo unaweza kufuata mkishakomaa. Kila zoezi liwe na watu wazima wawili au zaidi, mmoja wao mwanamke, na kila mtoto afundishwe nambari 116, ambayo ni simu ya bure ya kuwasaidia watoto.

Uwanja wa kandanda unatosha kabisa. Mchezo una vituo vinne ambavyo wachezaji huvizunguka kwa kukimbia. Weka kituo cha nyumbani, yaani anaposimama mpigaji, kwenye pembe iliyo mbali na barabara, ili mipira inayopigwa iangukie ndani. Kwa watoto, umbali kati ya kituo na kituo uwe kama mita 18, na mrushaji asimame mita 14 kutoka kwa mpigaji. Magunia manne yaliyotiwa mchanga kidogo yanatosha kuwa vituo. Fundi seremala anaweza kuchonga gongo la kupigia mpira kutokana na mti mgumu usio na vifundo, alipige msasa vizuri, nawe uzungushie mpini kitambaa lisiteleze mkononi. Mpira wa besiboli wenyewe ni mgumu na una uzito wa karibu gramu 145, kwa hiyo usiutumie hadi uwe na helmeti kwa kila mpigaji na glavu kwa kila mdakaji. Kabla ya hapo tumia mpira wa tenisi, au ule ambao watoto wetu wanajua kuufunga wenyewe: matambara yaliyoshindiliwa na kuzungushiwa kamba mpaka yawe ngumi moja.

Mpira huo wa matambara ndio mlango wa somo la kwanza, kwa sababu karibu kila mtoto aliyekulia Nairobi amecheza mchezo wa kati, ambapo wa pembeni hurusha mpira kumlenga aliye katikati. Wapange wawili pembeni na mmoja katikati, uwaache wacheze kama walivyozoea, nawe uangalie mikono yao. Utaona kuwa wengi, hasa wasichana waliocheza kati kwa miaka, tayari wanarusha vizuri: bega linageuka kwanza, kiwiko kinafuata, mkono unaachilia mpira mwisho. Waambie kwamba huo ndio urushaji wa besiboli. Sheria nyingine zifuate polepole: mpigaji akikosa mara tatu anatoka, watatu wakitoka timu zinabadilishana, iliyokuwa ikipiga inakwenda kudaka, na anayezunguka vituo vitatu na kurudi nyumbani ameiletea timu yake pointi moja. Timu zote mbili zikishapata zamu ya kupiga, hiyo ni awamu moja; awamu nne zinatosha kwa wanaoanza.

Sasa tufike kwenye kuchanganya, ambako timu nyingi hushindwa kwa kuamini kwamba watoto watajichanganya wenyewe. Usiwaache manahodha wachague wachezaji, kwa maana kila mmoja atawaita wa kwao. Wagawe kwa bahati nasibu. Gawa pia jozi za kurushiana mpira, kila jozi iwe na mtoto kutoka kila mtaa, na jozi hiyo idumu mwezi mzima. Jina la timu lisiwe la mtaa wala la kabila. Mtu akitukanwa kwa sababu ya makwao, simamisha mchezo hapohapo na useme wewe mkufunzi kwanza; usimtake mtoto aliyetukanwa avumilie kama Robinson alivyotakiwa kuvumilia.

Fundisha mapema pigo la kujitoa. Mpigaji anaugusa mpira tu ili uviringike karibu, yeye mwenyewe anatolewa, lakini mwenzake aliye kituoni anapata nafasi ya kusogea mbele. Katika hesabu za besiboli, pigo hilo halimpunguzii mpigaji wastani wake wa upigaji. Nimemwona mvulana wa nyumba yenye geti akilifanya ili msichana wa mabati avuke kutoka kituo cha pili hadi cha tatu, na timu nzima ikamshangilia yeye aliyetolewa. Hotuba ya umoja haiwezi kufanya kazi hiyo.

Siku ya mvua wasimulie habari za watu. Watoto watauliza mchezo wa Marekani unawahusu nini. Waambie kwamba mwaka 1959 Tom Mboya alipokuwa akitafuta nauli za wanafunzi wa Kenya waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani, Jackie Robinson, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, alitia saini barua ya kuomba michango, na Septemba wanafunzi 81 wakapanda ndege. Mwaka uliofuata safari hizo zilimchukua Wangari Maathai. Sanamu ya Mboya iko Moi Avenue, nanyi mnaweza kwenda kuitazama pamoja. Wasichana wasikie pia habari za Toni Stone, aliyecheza besiboli na wanaume katika timu ya Indianapolis Clowns mwaka 1953, wakati ambapo timu nyingi zisingemtazama mara mbili.

Wazazi ndio wagumu zaidi, na wasiposhirikishwa, urafiki wa watoto huishia uwanjani. Mechi zifanyike kwa zamu katika kila mtaa, ili kila mzazi alazimike kuvuka barabara ile. Wakifika, wape kazi. Wawili, mmoja kutoka kila upande, waketi pamoja na kitabu kimoja cha kuandikia mechi, na kila mstari uandikwe tu baada ya wote wawili kukubaliana. Watabishana kuhusu mkimbiaji aliyefika kituoni au kuchelewa, watamwita mwamuzi, wataandika, na kufikia awamu ya tatu watakuwa wanaulizana habari za karo. Kitabu kikae kwa mmoja mwezi huu na kwa mwenzake mwezi ujao, akifuate mwenyewe nyumbani.