Somo: Corgi anang'ata visigino na kunguruma. Ni ukali, au yuko kazini?

Ndugu wafugaji, habari zenu. Ujumbe ninaoupata mara nyingi kuliko wowote ni huu: "Nilimchukua Corgi kwa sababu ni mdogo na anapendeza, sasa anang'ata watoto miguuni. Nimrudishe?" Wa mwisho ulikuja na picha ya kisigino cha mtoto. Alama nne nyekundu, ndogo kama ncha ya kalamu, ngozi haijachanika. Mwenye mbwa alikuwa ameshampiga kwa kiatu mara mbili.

Picha ile imeniuma, ndiyo maana leo naandika kwa kirefu. Alama za namna ile ni za mbwa anayefanya kazi aliyozaliwa nayo. Akiendelea kupigwa kwa ajili yake, baada ya miezi michache tutakuwa na mbwa mkali kweli, na tutakuwa tumemtengeneza wenyewe.

Nimeishi na Corgi wawili, mmoja baada ya mwingine, jumla miaka kumi na moja. Nitamzungumzia zaidi Corgi wa Pembroke, ila mwenye Corgi wa Cardigan, au Lancashire Heeler (mbwa mwingine mfupi wa kuswaga ng'ombe), atajikuta humu humu.

Hatua ya 1: Jua alizaliwa kufanya nini

Kwa Kiwelisi *cor* ni kibete na *ci* ni mbwa. Hapo ndipo jina lilipotoka. Huko Wales alikuwa mbwa wa kuswaga ng'ombe. Fikiria: mnyama wa sentimita 25 hadi 30 begani, mwenye kilo kumi na ushei, anamwondoa ng'ombe wa kilo mia kadhaa pale aliposimama. Anamjia kwa nyuma, anamng'ata kisigino mara moja, kisha anajibana chini kabla teke halijafika. Teke linapita juu ya mgongo wake. Ufupi ule wa miguu unaotuchekesha ulikuwa kinga yake.

Mbwa aliyesita hakufaa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo vizazi kwa vizazi walichaguliwa wenye ujasiri, wenye sauti, na wanaoamua wenyewe bila kungoja amri. Kennel Club, chama cha Uingereza kinachosajili aina za mbwa, kiliwatenganisha Pembroke na Cardigan kuwa aina mbili mwaka 1934, lakini hulka hiyo wote wanayo mpaka leo, hata yule anayelala kwenye kochi.

Kuna jambo moja hapa linalosahaulika. Mbwa wamerithi mlolongo wa uwindaji: kuona, kukazia macho, kunyemelea, kukimbiza, kukamata, kuua. Binadamu aliukatakata mlolongo huo kulingana na kazi. Border Collie, mbwa wa kuchunga kondoo, aliimarishwa kwenye kukazia macho na kunyemelea. Corgi aliimarishwa kwenye kukimbiza na kung'ata haraka, na hamu ya kuua ikafifishwa. Kukimbiza kwenyewe ndiko kunakomlipa. Kila mtoto anapokimbia sebuleni na mbwa akafanikiwa kumng'ata kisigino, mbwa amepokea mshahara, hata kama baadaye utamfokea.

Hatua ya 2: Tenganisha kuswaga na ukali

Hii ndiyo hatua kubwa, usiiruke.

Mtazame anapotaka kuswaga. Mtoto anatimua mbio. Corgi anainua kichwa, masikio yote mawili yanaelekea mbele, anazunguka kwa nje kama anayemkata mtu njia, kisha anashuka chini na kugusa kisigino kwa meno ya mbele. Mwili ni mwepesi. Mtoto akisimama, mchezo umekwisha: mbwa naye anasimama, anabweka mara mbili, anamwangalia usoni kana kwamba anauliza mbona umeacha. Akiswaga, mwendo ndio unaomwasha, na mwendo ukikoma anazimika.

Sasa mtazame yuleyule chini ya meza akiwa na mfupa. Unasogea. Anaacha kutafuna, lakini mdomo haubanduki kwenye mfupa. Shingo inakakamaa. Kichwa hakigeuki, ila jicho linakufuata mpaka weupe wake unaonekana pembeni. Hakuna sauti bado. Ukiendelea utasikia kunguruma, halafu utaona midomo ikipanda na meno, halafu atarusha meno hewani bila kugusa, halafu ataumiza. Hapa hakuna mwendo wowote uliomwasha. Anataka ukae mbali, basi. Huo ndio ukali, na chanzo chake mara nyingi ni hofu, kulinda kitu, au maumivu.

Dalili za mapema zaidi ni ndogo mno: kulamba pua ilhali hakuna chakula, kupiga miayo ilhali hana usingizi, kugeuza uso pembeni, kuinua mguu mmoja wa mbele. Kwa Corgi kuna ugumu wa ziada. Pembroke wengi hawana mkia, ama wamezaliwa hivyo ama umekatwa, na manyoya yao mazito yanaficha nywele za mgongoni zinaposimama. Kwa hiyo tegemea masikio, macho, na kama mdomo umefunguka kwa raha au umebanwa ghafla.

Na tafadhali, usimwadhibu mbwa kwa kunguruma. Najua inaudhi, unamlisha mwenyewe halafu anakungurumia. Lakini kunguruma ni onyo, ni adabu yake ya kukuambia kabla ya kufika kwenye meno. Mbwa aliyepigwa kila aliponguruma anajifunza kunyamaza, na hofu yake inabaki palepale. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mbwa "aliyeuma bila dalili" mara nyingi dalili alikuwa nazo, zikafutwa kwa kipigo.

Hatua ya 3: Andika

Wiki mbili, daftari la kawaida. Kila tukio: saa, nani alikuwepo, nini kilitokea sekunde chache kabla, mbwa alifanya nini, wewe ulifanya nini. Andika pia mambo ya siku nzima. Mbwa aliyechomwa sindano asubuhi, akapokea wageni mchana, akasikia radi jioni, atamng'ata mtu usiku kwa jambo ambalo jana alilivumilia. Kikombe kilikuwa kimeshajaa.

Hatua ya 4: Daktari wa mifugo kabla ya mwalimu

Nisikilizeni hapa kwa makini, kwa sababu mimi nilikosea.

Kito, Corgi wangu wa kwanza, alikuwa mpole mpaka alipofika miaka saba. Siku moja namnyanyua kumpandisha garini, akaningurumia. Kesho yake tena. Nikampeleka kwa mtu anayefundisha mbwa, akaniambia mbwa amenipanda kichwani, nimwoneshe nani mkubwa. Akamlaza chali na kumbana chini mbele yangu. Kito alilia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, wala sikutaka kuisikia tena. Wiki iliyofuata daktari alipitisha vidole taratibu juu ya uti wa mgongo wake, kutoka mabegani kurudi nyuma. Alipofika katikati, ngozi ya Kito ikatetemeka, akageuza kichwa na kuulamba mkono wa daktari haraka haraka. Pingili za mgongo. Diski ilikuwa inamkandamiza, na kila nilipomnyanyua kwa kumshika kifuani huku kiuno kikining'inia, nilikuwa namtesa. Dawa, kupumzika, na kumnyanyua kwa mikono miwili, mmoja kifuani na mwingine chini ya makalio: kunguruma kukaisha.

Corgi ana mgongo mrefu juu ya miguu mifupi, diski zinamsumbua kuliko mbwa wengi, na nyonga pia. Mbwa mtu mzima aliyebadilika ghafla achunguzwe mgongo, nyonga, masikio, meno na tezi ya shingo. Na kitoto cha mbwa kisirukeruke ngazi.

Hatua ya 5: Badili mazingira, kisha badili hisia

Kwa kuswaga: mzuie kupokea ule mshahara. Watoto wanapocheza mbio, yeye awe nyuma ya kizuizi au kwenye kamba. Wafundishe watoto wasimame kama mti akiwajia. Halafu mpe kazi yake halali: mpira mkubwa asioweza kuuma, ausukume kwa pua uwanjani, kutafuta vipande vya chakula vilivyofichwa kwenye nyasi, kuvutana kamba kwa masharti ya "shika" na "achia". Mfundishe pia kugusa kiganja chako kwa pua ukisema "gusa". Amri hiyo ni dhahabu, kwa sababu unaweza kuitumia sekunde ile anapoanza kuzunguka, kabla hajashuka kwenye visigino.

Kwa hofu: umbali kwanza. Kama anamfokea mgeni aliye mita tatu, anza na mgeni aliye mita kumi, pale anapomwona na bado anaweza kula. Mgeni akionekana, nyama inakuja. Mgeni akitoweka, nyama inakoma. Hapa humlipi utii. Unamfanya aseme moyoni kwamba mgeni ni habari njema. Sogea karibu kwa siku nyingi. Akikataa kula, umeshakaribia kupita kiasi, rudi nyuma.

Mabavu yaacheni. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwahoji watu walioleta mbwa wenye matatizo ya tabia. Kati ya waliowahi kumpiga mbwa kwa mkono au teke, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Waliomlaza chali kwa nguvu, asilimia 31. Kumbukeni pia hulka yake: huyu alichaguliwa kwa sababu haogopi teke la ng'ombe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina mtoto wa miaka mitatu. Nimfundishe kusimama kama mti vipi, wakati hata kutulia hawezi?

Marahaba, mama. Kwa umri huo usimtegemee mtoto, tegemea mlango. Mbwa na mtoto wawe pamoja pale tu ambapo wewe umekaa nao na macho yako yapo kwao, simu imewekwa chini. Ukiinuka kwenda jikoni, mmoja unakwenda naye. Na mbwa awe na sehemu yake ya kulala ambayo mtoto hafiki hata siku moja.

Swali: Kaka, wangu anangurumia bakuli. Niliambiwa nitie mkono ndani anapokula ili azoee. Sasa amezidi.

Amezidi kwa sababu kila mkono ulipoingia, hofu yake ya kunyang'anywa ilithibitika. Geuza mambo. Apewe bakuli la chakula cha kawaida, wewe pita mbali, pale ambapo hajakakamaa, umrushie kipande cha nyama bora kuliko kilichomo, na uendelee na safari yako. Usisimame. Baada ya siku kadhaa utamwona anainua kichwa ukipita na kukutazama kwa mdomo uliolegea. Ndipo upunguze umbali kwa hatua moja. Kitu ulichotaka kukichukua, badilishana naye.

Swali: Ninao wawili, majike. Kengele ikilia wanakimbilia mlangoni halafu wanageukiana. Juzi niliingiza mkono kuwaachanisha nikaumia.

Pole sana dada. Hata Malkia Elizabeth wa Pili, aliyefuga Corgi karibu maisha yake yote, aliumwa mkononi mwaka 1991 akiamua ugomvi wa Corgi wake, akashonwa nyuzi tatu. Mbwa walioshikana hawachagui wanachouma. Weka kitu kati yao: kiti, ubao, mto mkubwa. Au warushie blanketi, au maji. Usiwavute kwa miguu ya nyuma, migongo yao haistahimili. Kuhusu kengele, izime kwa sasa, wageni wapige simu. Kisha mfundishe kila mmoja peke yake kwamba kengele maana yake ni kwenda kwenye mkeka wake kupata chakula. Wakishakuwa tayari mmoja mmoja, unganisha, mikeka ikiwa mbalimbali.

Swali: Kumhasi dume kutaondoa ukali?

Kwa ukali wa hofu, usitegemee. Wengine huzidi woga. Kuna sababu nyingine nzuri za kuhasi, zungumza na daktari wako.

Swali: Wangu ana wiki tisa, kila kitu anang'ata. Nianze lini?

Leo. Dirisha la kuzoea dunia liko wazi kuanzia kama wiki ya tatu hadi ya kumi na nne hivi. Aone watu wa umri wote, kofia, fimbo, baiskeli, kwa utulivu na chakula mkononi. Kama chanjo hazijakamilika, mbebe. Meno yakikugusa kwa nguvu, acha mchezo ghafla, ondoka nusu dakika, rudi. Umpe kitu cha kutafuna.

Swali: Mwalimu, wa kwangu alimuuma mgeni mpaka damu. Ndugu zangu wanasema auawe. Nampenda, lakini naogopa.

Ndugu yangu, nimekusikia. Kwanza mgeni: jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Chukua na kadi ya chanjo ya mbwa.

Halafu nijibu haya: aliuma mara moja akaachia, au alishikilia na kutikisa? Kulikuwa na onyo? Mgeni alikuwa anafanya nini? Mbwa aliyenguruma, akakaza mwili, akauma mara moja akaachia mgeni alipomwinamia kwenye kona, huyo ana mahali pa kuanzia. Aliyeshikilia, akarudia mara kadhaa, bila onyo, kwenye nyumba yenye watoto, hapo inabidi ukae na daktari aliyebobea kwenye tabia, na uwe tayari kusikia jibu lolote. Uamuzi huo usiufanye leo ukiwa na hasira, wala ukiwa na aibu mbele ya ndugu.

Wakati unasubiri miadi, wageni wakija yeye awe chumba kingine, mlango umefungwa kwa ufunguo. Anza pia kumzoesha kifunga mdomo cha aina ya kikapu. Mpakie nyama ndani aingize pua mwenyewe, siku ya kwanza bila kufunga mkanda kabisa. Kiwe na nafasi ya kutosha aheme mdomo ukiwa wazi na anywe maji. Nitumie vipimo vya pua yake, urefu na mzunguko, nikusaidie kuchagua saizi.