Punje za njano kwenye gunzi la mahindi meupe: aleli tawala na aleli fiche

Ukipanda mahindi meupe jirani na shamba la mahindi ya njano, siku ya kumenya utakuta punje za njano zimechanganyika na nyeupe kwenye gunzi moja. Wengi hudhani wameuziwa mbegu mbovu. Shika kalamu tufuatilie.

Hatua ya 1. Kila mmea una aleli (yaani matoleo ya jeni moja) mbili za rangi ya punje, moja ya mama, nyingine ya baba. N ni njano, nayo ni tawala. n ni nyeupe, nayo ni fiche. NN na Nn zote huwa njano. Nyeupe ni nn peke yake.

Hatua ya 2. Chavusha NN kwa nn. Watoto wote ni Nn, wote njano. Weupe umejificha tu, haujapotea.

Hatua ya 3. Hapa ndipo somo linaponoga. Panda hizo Nn. Funika gunzi changa kwa mfuko kabla ndevu hazijachomoza, kisha zipake chavua ya mbelewele za mmea huohuo. Chora mraba wa vyumba vinne: juu N na n, ubavuni N na n. Utapata NN, Nn, Nn, nn, yaani njano tatu kwa nyeupe moja. Gunzi la punje 400 litakuwa na nyeupe 100 hivi. Zikija 92, usishtuke. Hata Gregor Mendel, mwanzilishi wa elimu ya jenetiki, katika kazi yake ya njegere iliyochapishwa 1866, alihesabu mbegu 6,022 za njano na 2,001 za kijani: karibu tatu kwa moja, si kamili.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Mbona njano imetokea msimu huuhuu, kabla sijapanda tena?

Marahaba. Punje yenyewe ndiyo mtoto, na sehemu yake ya wanga (endospermu) hupokea aleli ya chavua iliyoletwa na upepo. Itazame vizuri: mara nyingi njano hiyo imepauka, maana sehemu hiyo, tofauti na mmea, hubeba aleli tatu: imepata n mbili za mama na N moja tu ya chavua.

Kama njano ni tawala, mbona kwetu yamejaa meupe?

N hutawala ndani ya punje ya Nn, si shambani. Shambani anayeamua ni mkulima anayechagua mbegu, na wengi wetu tunapenda ugali mweupe.

Nisafisheje mbegu yangu?

Ondoa kila punje ya njano. Nyeupe zinazobaki ni nn, hazina N ya kuficha. Kisha panda mita 200 kutoka kwa jirani, au mpishane wiki tatu hadi nne.