Kabla hujabonyeza kopo la povu la kuzibia

Nazungumzia lile povu la kwenye kopo mfano wa kopo la dawa ya mbu, mara nyingi la mililita 750, ambalo mafundi wa madirisha ya alumini hulijaza kati ya fremu na ukuta. Linatoka laini kama sabuni ya kunyolea ndevu, linavimba, halafu linakauka likawa gumu. Huku Mwanza tunalipenda kwa sababu zetu. Nyumba za mlimani hazikosi nyufa, bati na ukuta huachiana nafasi, na wale wadudu wa ziwani wakianza kuja kama moshi siku za mwezi mwandamo, hupenya popote wanapoona mwanga wa taa. Mimi nililinunua kwa ajili ya hao wadudu. Leo naandika kwa ajili ya mikono yangu.

Soma maandishi ya kopo. Yote, hata yale madogo.

Kisha zunguka nyumba na uhesabu matundu yako kabla ya kutikisa chochote. Lile kopo la mrija halitaki uvivu: ukiliacha nusu, povu linakauka ndani ya mrija, na wiki ijayo unabaki na kopo zito lisilotoa kitu. Ukishaanza, maliza. Wale wenye bunduki ya povu wana nafuu, wanafunga skrubu na kuacha kopo limekaa palepale, lakini sisi wa nyumbani tunanunua la mrija.

Wakati unahesabu, yapo ambayo hutaziba. Matundu ya hewa yaache, hasa ya jiko kama unapikia mkaa au gesi. Bomba la moshi usilisogelee, povu hili linaungua. Kwenye upenyo wa dari, hakikisha kwanza popo wametoka; ukiwafungia ndani, watakufa humo na utaishi na harufu. Panya je? Panya watalitafuna usiku mmoja, kwa hiyo shindilia kwanza waya wa kusugulia sufuria, ndipo ufunike na povu. Na wewe uliyejenga ukiegemea jiwe, na Mwanza ni wengi, usidhani povu litazuia maji yanayoteremka kwenye mwamba mvua ikinyesha. Jirani yangu alijaza makopo matatu kati ya jiwe na ukuta wa chumba cha watoto. Masika yalipofika maji yakapita nyuma ya povu, na sasa hawezi hata kuona yanaingilia wapi. Maji yale yanatakiwa mfereji.

Moto: zima jiko, zima sigara ya fundi, fungua madirisha. Gesi inayosukuma povu inashika moto kama gesi ya kupikia. Mwenye pumu akae nje mpaka shughuli iishe, maana dawa iliyomo kabla ya kukauka inachokoza mapafu. Kopo lenyewe lisipate joto la kuzidi nyuzi 50, kwa hiyo usiliache kwenye gari lililofungwa juani huku ukizunguka sokoni.

Vaa miwani, funga kichwa, vaa nguo ambayo uko tayari kuizika. Glavu vaa mbili mbili. Sakafuni tandika nailoni ile ya kujengea, kwa kuwa povu haling'ang'anii nailoni. Vitasa na bawaba vipake mafuta ya mgando. Ukuta wa tofali unyunyizie maji kidogo kabla ya kujaza, kwani povu hili hukauka kwa kuvuta unyevu, na likikuta ukuta mkavu wenye vumbi halishiki vizuri. Hilo la maji lishike kichwani.

Nije sasa kwenye langu.

Ilikuwa Alhamisi jioni, nyumbani Isamilo. Jumamosi yake ilikuwa sendofu ya binti wa kaka yangu, na mimi ndiye shangazi, kwa hiyo hakuna kujificha nyuma ya mahema. Nikasema nizibe upenyo wa juu ya dirisha la jiko kabla wageni wa kulala hawajafika. Nikapanda stuli, shemeji yangu akaishika. Glavu moja ilichanika wakati naivaa. Nikaitupa, nikaendelea na mkono mtupu, nikijiambia ni dakika tano tu.

Povu la kwanza likakaa vizuri. La pili likajaa kupita kiasi, tone la ukubwa wa andazi likadondoka kwenye vigae, lingine kwenye kifundo cha mkono. Ningeyaacha, hadithi ingeishia hapo. Lakini mwanamke gani anaacha uchafu jikoni kwake? Nikalifuta la mkononi kwa kiganja. Likaingia katikati ya vidole. Nikainama kufuta la sakafuni kwa kanga, tone moja likawa njia nzima yenye upana wa kanga. Nikashika mlango, kitasa kikapata lake. Nikajirekebisha kilemba, nacho hivyo hivyo.

Shemeji akapiga kelele, "Nawa, shemeji, nawa haraka!" akaja mbio na jagi la maji na sabuni. Nikanawa kwa bidii, nikisugua kiganja kwa kiganja, kumbe namwagilia. Kile kile nilichoufanyia ukuta ili povu lishike, nimeifanyia ngozi yangu. Robo saa haikupita, viganja vikawa vimekakamaa, vina magamba kama sangara aliyesahaulika juani.

Nikajaribu mafuta ya kula, yalikuwa yamechelewa. Nikasugua na waya wa sufuria mpaka damu ikatoka, povu likabaki. Shemeji akapendekeza petroli. Nilimwambia akaikalie mwenyewe. Asubuhi nikampigia fundi, akacheka kwanza, akasema, "Mayu, hiyo imeshakuwa ngozi yako. Subiri ibanduke na ngozi." Kufika Jumamosi, masalia yale yalikuwa yamekusanya vumbi, masizi na vitunguu vya siku mbili, yamekuwa meusi. Nimevaa kitenge kipya, nimepakwa wanja, na mikono ya mtu aliyetoka kubadilisha injini. Mama wa bwana harusi alinipa mkono, akatazama chini, akatabasamu kwa adabu, na nilimwona akijifuta kwa kitenge chake akidhani nimegeuka. Ilichukua zaidi ya wiki moja kwisha.

Kwa hiyo sikiliza. Povu bichi likidondoka sakafuni, liache. Nenda kanywe chai. Likikauka, litelezeshee kisu bapa chini yake, tone zima litabanduka, na alama itakayobaki utaisugua taratibu. Kwenye ukuta uliopakwa rangi litaondoka na rangi yake, jipange kupaka upya. Kwenye nguo likikauka, nguo hiyo sasa ni ya shamba.

Ngozini ndipo pa haraka. Futa papo hapo kwa kitambaa kikavu ukilivuta kuelekea upande mmoja, bila kusambaza, kisha tia asetoni kidogo kwenye kitambaa safi ufute kilichobaki, au mafuta ya kula kama huna. Maji na sabuni ni mwisho kabisa, wakati hakuna kinachonata tena. Asetoni ni ile iliyomo kwenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, lakini soma chupa, zipo ambazo hazina. Nunua kabla, iweke karibu, isiwe ile ya kumtuma mtoto dukani huku mikono iko juu. Na haifanyi lolote kwa povu lililokauka. Hapo ni jiwe la kusugulia miguu, mafuta na uvumilivu. Jihadhari pia asetoni isiguse vanishi wala plastiki, inavila.

Jicho ni habari nyingine. Likiingia jichoni ni maji tu, mengi, robo saa bila kuacha, halafu hospitali. Usiweke asetoni, usiweke mafuta, usisikilize mtu.

Kuhusu kujaza: tikisa kopo nusu dakika, ligeuze kichwa chini, jaza theluthi moja ya upenyo, ukizidi sana nusu. Litamalizia lenyewe. Kwenye fremu ya mlango piga kabari za mbao ndani ya fremu kabla ya kujaza, uziache mpaka kesho yake, maana linapovimba linasukuma, na fremu ikipinda mlango haufungi tena. Usikate ziada mapema. Kwa nje linaonekana limekauka na katikati bado bichi. Lipe usiku mzima. Ukikata, vaa barakoa, vumbi lake si la kuvuta.

Kwa nje ya nyumba lifunike kwa lipu au rangi. Jua linaligeuza la njano, baadaye la kahawia, kisha linamomonyoka kama mkate mkavu, na wadudu wako wanarudi.

Mengine unayajua. Stuli iwe na miguu minne iliyo sawa. Simu ikiita usiipokee na glavu zenye povu. Watoto wasiachiwe kopo, wanadhani ni la kuchezea harusini. Usifanye kazi hii ukiwa na sherehe wiki hiyo. Na kopo likiisha usilitoboe, wala usilitupe kwenye shimo la taka linalochomwa jioni, maana gesi kidogo hubaki ndani hata likionekana tupu, na moto wa taka ukiwashwa mtaani, watoto ndio wa kwanza kuuzunguka.