Jinsi ya kuhamisha tamthilia ya uhalifu ya Kimarekani ikakubalika kwenye TV ya Uingereza

Kama umepewa episodi ya Kimarekani ya polisi na mahakama uiandike upya kwa ajili ya TV ya Uingereza, au unajifunza uandishi na unatafuta zoezi la maana, nakuomba kitu kimoja: usianze na lafudhi. Wengi wanaanzia huko, wanatoa New York wanaweka London, wanabadilisha majina ya mitaa na magari, halafu wanashangaa mbona hadithi haisimami. Haisimami kwa sababu kwenye tamthilia za aina hii sheria ndo inayosukuma kila kitu, na sheria ya England siyo ya New York hata kidogo.

Mfano wa kusomea upo. Law & Order iliyobuniwa na Dick Wolf ilianza kwenye kituo cha TV cha Marekani cha NBC mwaka 1990, na mwaka 2009 ITV, kituo cha Uingereza, wakaanza kuonyesha Law & Order: UK, iliyotengenezwa na Kudos pamoja na kampuni ya Wolf, ikaenda mpaka 2014. Chris Chibnall ndo aliongoza uandishi mwanzoni, na hawakukaa chini kutunga kesi mpya, walichukua skripti za zamani za Marekani wakazifumua na kuzishona upya. Tafuta episodi ya asili na ile iliyotokana nayo, ziangalie moja baada ya nyingine ukiwa na kalamu, utajifunza kuliko kusoma vitabu kumi.

Sasa kazi yenyewe. Soma skripti ya asili mpaka mwisho halafu andika sentensi moja tu: kesi hii inageuka wapi? Siyo muuaji ni nani, hapana, ni kitendo gani cha kisheria kinachobadilisha mambo. Mtuhumiwa anaomba wakili, jaji anatupa ushahidi, mwendesha mashtaka anakubali mapatano, yaani mshtakiwa akiri kosa apunguziwe adhabu. Ukishapata hiyo sehemu uliza swali la pili, je, England hicho kitu kinawezekana? Mara nyingi jibu ni hapana au ni kwa namna nyingine kabisa, na hapo ndo kazi yako inapoanza.

Chukua sini ya mahojiano. Kwa Wamarekani mtuhumiwa akishasema anataka wakili maswali yanakoma, mpelelezi anatoka anabamiza mlango, sini imekwisha. England wakili anakuja kituoni bila mtuhumiwa kulipa chochote, anakaa pembeni ya mteja wake, na maswali yanaendelea huku kila kitu kinarekodiwa. Halafu onyo lenyewe ni tofauti, mtu anaambiwa halazimiki kusema chochote, lakini inaweza kudhuru utetezi wake asipotaja sasa jambo ambalo atakuja kulitegemea mahakamani. Hicho kipengele kilikuja na sheria ya 1994 na kwa mwandishi ni dhahabu, manake kunyamaza kwenyewe kunakuwa na gharama. Kwa hiyo ule mlango uliobamizwa unaweza kuugeuza hivi:

“Jumanne usiku ulikuwa wapi?”
“Sina la kusema.”
“Hii damu kwenye koti lako ni ya nani?”
Anamwangalia wakili wake. “Sina la kusema.”
“Una mtoto wa miaka minne. Nani alikuwa anamwangalia usiku huo?”

Na hapo anakawia kujibu. Hakuna aliyepiga kelele wala kugonga meza, ila mtazamaji ameshajua swali lipi limemgusa. Ongeza na saa ya ukutani: chini ya sheria ya PACE ya 1984, inayosimamia kazi za polisi na ushahidi wa jinai, polisi wana masaa 24 ya kumshikilia mtu kabla ya kumfungulia mashtaka, kwenye makosa makubwa afisa wa juu anaweza kuongeza yafike 36, na mahakimu wanaweza kuruhusu mpaka 96. Ukitaka presha kwenye skripti huna haja ya kutafuta bastola, presha unayo tayari.

Na kuhusu bastola, wapelelezi wa kawaida England hawabebi. Kila sini ya mtu kuchomoa silaha kwenye korido itoe, au iandike kama kusubiri, wapo nje kwenye gari, wanajua jamaa yupo ndani, na kikosi chenye silaha bado hakijafika. Mimi naona kusubiri kunatisha kuliko risasi.

Sehemu inayosumbua zaidi ni ushahidi unaotupwa. Episodi nyingi za Kimarekani zinageukia hapo, polisi wamepekua bila hati, wamekuta bunduki, jaji anaikataa, kesi inayumba. England jaji ana kifungu cha 78 cha PACE kinachompa uamuzi wa kupima kama ushahidi huo utaharibu haki ya kesi, na bunduki iliyokutwa kwa upekuzi mbovu ina nafasi kubwa tu ya kubaki mahakamani. Ukiiacha kama ilivyo, mtu anayejua atakukamata. Dawa yake ni kuhamisha kosa: kwenye kukiri kosa kifungu cha 76 ni kikali, maungamo yakipatikana kwa kumwonea mtu au kwa mazingira yanayofanya yasiaminike, jaji hana hiari, lazima ayakatae. Basi mfanye mpelelezi wako mzuri, yule ambaye watazamaji wanampenda, ndo amembana mtu mgonjwa mpaka akakiri. Kesi inayumba vilevile, ila sasa inauma zaidi kwa sababu lawama ina sura.

Mapatano nayo yaangalie vizuri. Mwendesha mashtaka wa Kimarekani anasimama koridoni anasema “miaka 15, leo, au tunaenda mbele”. Mwenzake wa England hagawi miaka, hukumu ni ya jaji, na kwa kuua kwa kukusudia kifungo cha maisha ni lazima, jaji anapanga tu muda wa chini wa kukaa ndani. Anachoweza ni kukubali mshtakiwa akiri kosa dogo, la kuua bila kukusudia. Kwa hiyo mzigo wa sini unahama kutoka kwenye namba kwenda kwenye mazungumzo na mama wa marehemu, anayetaka kuelezwa kwa nini kifo cha mwanae kimepewa jina jepesi.

Bosi wa waendesha mashtaka New York anachaguliwa kwa kura, ndo maana skripti zao zina uchaguzi kila kona. Hiyo futa. Crown Prosecution Service, ofisi ya umma ya waendesha mashtaka wa England iliyoanza kazi 1986, haigombei kura, wao wanajiuliza maswali mawili: ushahidi unatosha kuwa na matumaini ya kweli ya kushinda, na je, kushtaki kuna maslahi kwa umma? Hilo la pili limebeba drama nyingi sana, litumie.

Muda wa episodi usiusahau. Skripti ya NBC ya dakika arobaini na kitu inaingia ITV bila shida kubwa kwa sababu wote wana matangazo, ila ukiipeleka BBC hakuna matangazo, saa moja inataka kujazwa, utahitaji kisa cha pembeni. Na Wamarekani wanatengeneza episodi ishirini na zaidi kwa msimu wakati ITV waliagiza 13 za kwanza wakazigawa 7 na 6, kwa hiyo una uhuru wa kuchagua zile kesi nzito tu. Damu nyingi ziweke baada ya saa tatu usiku, kabla ya hapo hairuhusiwi.

Mwisho mpe skripti wakili wa kesi za jinai aisome kabla haijafika kwa waigizaji. Atakuambia jaji wa England hagongi nyundo, wakili hatembeitembei mbele ya juri (wale raia wanaoamua kama mtu ana hatia) bali anasimama mahali pake na wigi lake na joho, mshtakiwa yupo kizimbani na siyo kwenye kiti pembeni ya wakili. Haya yarekebishe mapema, manake mahakama halisi haziruhusu kupiga picha kesi zikiendelea, itabidi mjenge seti, na fundi akishapigilia kizimba mahali pasipo pake kukihamisha ni hela.