Umemaliza form four na hujui uende wapi? Anza hivi

Kwanza tulia, usijaze tahasusi (mchepuo wa masomo ya form five) kwa sababu rafiki yako kajaza. PCB ni fizikia, kemia na baiolojia, na udaktari wenyewe chuo ni miaka 5 halafu intanshipu mwaka mzima, sasa kama baiolojia ulikuwa unaikariri usiku wa mtihani tu jiulize vizuri kabla hujaamua. Na kama ulishajaza Selform, ile fomu ya kuchagua tahasusi na chuo, shuleni usione mambo yameisha, matokeo yakitoka TAMISEMI huwa inafungua mtandao watu wanabadilisha tahasusi au wanachagua chuo, ila fuatilia tarehe maana wakifunga wamefunga.

Halafu, na hii ndio naisisitiza sana, nenda ukaione kazi kwa macho. Omba, bembeleza, kaa hapo hata wiki mbili bila kulipwa. Mdogo wangu alikuwa anasema uhasibu uhasibu, likizo akaenda kukaa kwa fundi wa kuwaindi mota, akawa anarudi jioni vidole vinanuka vanishi anatuelezea koili mpaka ugali unapoa, mwenyewe akaomba VETA umeme na hakuna aliyemlazimisha.

Wazazi je? Usiwaambie tu "nimeghairi", nenda na maelezo kamili, ada kiasi gani, kozi muda gani, ukimaliza unajiajiri vipi. Mzee akiona umefuatilia mwenyewe anakusikiliza tofauti kabisa.