Kabla hujafuata ramani ya simu kwa baiskeli hapa Mwanza

Pakua ramani ukiwa nyumbani, maana bando likikata ukiwa kwenye vichochoro vya Igogo umekwisha. Chaji ijae. Usiiombe programu njia ya gari; itakupeleka barabara ya Nyerere au ya Kenyatta ukagombee ukingo wa lami na daladala. Iombe njia ya waenda kwa miguu, halafu uikague mwenyewe.

Washa mistari ya kontua, ile inayoonyesha miinuko. Mji wetu umekaa juu ya mawe, na mkato unaoonekana mfupi kwenye simu unaweza kuwa ngazi tupu. Mistari ikibanana, zunguka.

Sasa hili usiliruke: kuza ramani kila mahali njia yako inapokata mstari wa bluu. Mimi sikufanya hivyo. Ilikuwa Aprili, natoka Nyakato naenda Kirumba, nikaona kijia cha nukta nukta kikivuka Mto Mirongo, mbali na magari. Mvua ilikuwa imekatika. Kufika pale, hakuna daraja, ni magogo mawili yamelazwa, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yanayalamba kwa chini. Mama mmoja aliyekuwa anaanua nguo akaniambia, "Mwanangu, rudi, hayo bado yanapanda." Nikamwitikia, "Sawa mama," na bado nikaibeba baiskeli begani. Katikati ya gogo usukani ukageuka, gurudumu likanipiga goti, nikaenda chini. Vijana wawili walinivuta kwa shuka iliyokuwa kwenye kamba ya yule mama. Baiskeli ilipatikana kesho yake imenasa kwenye taka, uma umepinda. Mkono nilifungwa plasta ngumu wiki sita.

Mawe hayanywi maji. Mvua ikipiga vilimani, yote hushuka kwa mkupuo, hata kama uliposimama pamekauka. Kwa hiyo masika, Machi hadi Mei, na tena vuli ikianza Oktoba, kijia kinachovuka mto kihesabu hakipo mpaka ukione kwa macho. Ramani ya OpenStreetMap huchorwa na watu wa kujitolea, wengine wakitazama picha za setilaiti tu, na picha ya kiangazi haionyeshi mafuriko. Ukikuta kosa, lirekebishe; inaruhusiwa, na ni bure. Pale kwenye magogo nimeshaandika.

Waulize pia wauza maziwa wa baiskeli. Wanajua wapi pana kalavati na wapi pana mbwa.

Njia mpya ijaribu Jumapili asubuhi, si siku unayowahi kazini. Breki zishike za mbele na za nyuma. Taa iwepo hata kama unapanga kurudi mapema. Mwambie mtu wa nyumbani unapita wapi. Na ukitaka kutazama simu, simama, shuka, sogea pembeni, ndipo uitoe mfukoni.